Kabla ya Kuweka Shamba Rehani kwa Sababu ya Fleti ya Kilimani



Tunapozuru vikundi vyenu, swali moja linarudi kila mara. Linaulizwa na kina mama wa merry-go-round, linaulizwa na wazee baada ya mkutano, na mara nyingine linaulizwa kwa sauti ya chini pale nje kwenye gari. Swali ni hili: "Kijana wetu yuko Nairobi, ana kazi nzuri, na sasa anataka kununua nyumba. Ametuomba tuuze kipande cha shamba, ama tupeleke taitodidi benki. Tufanye nini?"

Ukiuliza nyumba iko wapi, mara nyingi utaambiwa Kilimani, ama majirani zake Kileleshwa na Lavington. Hii ni mitaa ambayo pesa imeingia kwa nguvu. Hatuwezi kuiambia kila familia ndiyo au la. Kila nyumba ina mambo yake. Lakini tunaweza kueleza jinsi biashara hii inavyokwenda, ili wazazi wasije wakatia sahihi jambo ambalo hawakuelewa.

MTAA WENYEWE NI UPI?

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi ya watu. Upande wa magharibi, kwenye vilima na hewa baridi, waliweka makao ya Wazungu. Kilimani ilikuwa sehemu hiyo. Viwanja vilikuwa vikubwa, nusu ekari ama ekari nzima, na juu yake nyumba moja ya chini yenye paa la vigae na bustani mbele. Mwafrika aliruhusiwa kulala huko kama mfanyakazi tu, kwenye chumba kidogo nyuma ya nyumba kubwa.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 mtaa ulibadilisha wenyeji. Wakubwa wa serikali, madaktari na mawakili wakaingia. Hata majina ya barabara yanasimulia historia. Argwings Kodhek, ambaye barabara kubwa ya huko inaitwa kwa jina lake, alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, na aliaga dunia Januari 1969. Dennis Pritt alikuwa wakili Mwingereza aliyemtetea Mzee Kenyatta na wenzake katika kesi ya Kapenguria, 1952 hadi 1953.

Ukienda leo, zile nyumba za chini zimebaki chache. Mahali palipokuwa na nyumba moja na miti, sasa kuna jengo la ghorofa kumi, kumi na tano, ama zaidi, lenye fleti mia na kupita. Barabara zimejaa malori ya mchanga. Mahoteli, maduka makubwa na ofisi zimeingia katikati ya makao. Baadhi ya wakazi wa Kilimani na mitaa jirani wamekwenda kortini kupinga majengo marefu, wakisema maji, mifereji ya maji taka na barabara haviwezi kubeba watu wote hao.

KWA NINI BEI IMEPANDA HIVYO?

Sababu ya kwanza ni mahali. Kilimani iko karibu na katikati ya mji, karibu na ofisi za Upper Hill, karibu na hospitali kubwa na Ngong Road. Mtu anayefanya kazi mjini anaokoa saa nyingi za kukaa kwenye matatu.

Sababu ya pili ndiyo kubwa, na tunaomba mwielewe vizuri. Ardhi hailipwi kwa vile ilivyo leo. Inalipwa kwa vile inavyoweza kubeba. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme ekari moja inauzwa shilingi milioni 300. Mtu wa kujenga nyumba moja hawezi kununua. Lakini mjenzi akiruhusiwa kuweka fleti 100 juu ya ekari hiyo, kila fleti inabeba shilingi milioni 3 tu ya bei ya ardhi. Kwake hiyo si ghali. Anaijumlisha na gharama ya kujenga, riba ya benki na faida yake, kisha anauza kila fleti milioni 12.

Kwa hiyo yule mzee mwenye nyumba ya chini anapata pesa nyingi. Majirani wakiona, nao wanauza. Kodi na ada za mtaa zinapanda, jua linazibwa na ghorofa la jirani, na wale waliokuwa hawataki kuuza wanachoka na kuuza vilevile.

Sasa jiulizeni: hapo ni nani aliyepata faida ya ardhi kupanda? Ni yule aliyekuwa na ardhi. Kijana anayenunua fleti leo anaingia mwishoni mwa foleni.

UKINUNUA FLETI, UNANUNUA NINI HASA?

Sisi watu wa mashambani tukisikia "amenunua nyumba" tunafikiria boma: ardhi, mipaka, na ruhusa ya kupanda sukuma wiki nyuma. Fleti si hivyo. Mnunuzi anapata vitu vitatu.

Kwanza, anapata vyumba vyenyewe, kutoka ukuta hadi ukuta. Vyumba hivi ni kama gari ama kama bati la nyumba: vinazeeka. Rangi inafifia, mabomba yanaziba, lifti inaharibika.

Pili, anapata fungu dogo katika ardhi iliyo chini ya jengo, pamoja na wenzake wote. Katika mfano wetu, kwa fleti ya milioni 12, ni milioni 3 tu iliyo ya ardhi. Milioni 9 ni majengo na faida ya mjenzi. Ardhi ikipanda bei mara mbili, ni ile robo iliyopanda mara mbili, si fleti nzima. Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Wanasikia "bei za Kilimani zinapanda" wakidhani ni fleti yao inayopanda. Ardhi hupanda, nyumba huzeeka. Tena ghorofa jipya linapojengwa jirani, linaleta fleti mpya mia za kushindana na ya kwako.

Tatu, anapata kazi ya kulipa kila mwezi ada ya huduma ya jengo: askari wa lango, usafi, taa za ngazi, lifti, jenereta, pampu ya maji, takataka. Ada hii haiishi hata mkopo ukiisha.

Kuna sheria mpya kidogo ambayo ni nzuri kwa mnunuzi. Zamani wengi waliouziwa fleti walipewa karatasi ya kukodi kwa muda mrefu, huku hati kubwa ikibaki kwa kampuni. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu nyumba za mafungu, iliyoanza kutumika mwisho wa mwaka huo, inawezesha kila mwenye fleti kupata taitodidi yake mwenyewe, na wenye fleti wote wanakuwa chama kimoja cha kusimamia jengo lao. Kwa hiyo kijana akiambiwa "taito itakuja baadaye", aulize: Ramani ya mafungu imesajiliwa? Fleti yangu ni namba gani katika hiyo ramani? Chama cha wenye nyumba kimeanzishwa, ama mjenzi bado anashika kila kitu?

Aulize pia kuhusu miaka. Viwanja vingi vya Nairobi si vya milele. Vilitolewa kwa lisi, yaani kukodi kwa Serikali kwa muda, mara nyingi miaka 99. Kama lisi ilianza zamani, huenda imebaki miaka michache. Sheria inampa mwananchi aliyekuwa akishika ardhi hiyo nafasi ya kwanza ya kupewa tena muda ukiisha, kama Serikali haiihitaji kwa kazi ya umma. Lakini hiyo ni safari ya maofisi na malipo, na fleti yenye lisi fupi benki nyingi hazitaki kuikopesha pesa. Tena sheria ya mwaka 2020 haikubali kutoa hati za mafungu kama lisi imebaki chini ya miaka 21.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Chukueni kalamu. Hii ni mifano yetu ya kufundishia, lakini hesabu ni za kweli. Fleti ni milioni 12. Benki inakubali kukopesha milioni 9 kwa miaka 20, riba asilimia 14 kwa mwaka.

Pesa za kutoa kabla ya kuingia:
- Sehemu ya mnunuzi: 3,000,000
- Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini: 480,000
- Wakili, mkadiriaji wa thamani na gharama za benki, tuseme: 300,000
- Jumla: 3,780,000

Wengi wanakuja nyumbani kuomba kwa sababu ya hii jumla. Kijana alihesabu milioni 3, akaweka akiba kwa bidii, kisha akaambiwa kuna laki saba na elfu themanini zaidi.

Kila mwezi:
- Malipo ya mkopo: kama 111,900
- Ada ya huduma ya jengo, tuseme: 10,000
- Jumla: 121,900

Akilipa hivyo miaka 20, atakuwa ameipa benki karibu shilingi milioni 26.9 kwa mkopo wa milioni 9.

Sasa angalieni jambo ambalo watu hawaambiwi. Miaka mitano ya kwanza atalipa kama milioni 6.7. Deni litakuwa limepungua kwa kiasi gani? Kwa karibu laki sita tu. Bado atadaiwa milioni 8.4. Hii si wizi. Ndivyo mikopo ya muda mrefu inavyokwenda: mwanzoni karibu malipo yote ni riba. Lakini maana yake ni kwamba kijana akipoteza kazi mwaka wa tano, benki bado inadai karibu deni lote.

Riba nayo haikai pale pale. Ikipanda hadi asilimia 16, malipo ya 111,900 yanakuwa kama 125,200. Mshahara haukupanda, lakini mkopo umepanda.

Kwa upande mwingine, tuseme fleti kama hiyo inapangishwa kwa 75,000 kwa mwezi. Anayepanga anabaki na 46,900 kila mwezi kuliko yule anayenunua. Kwa mwaka ni 562,800. Pesa hiyo ikiwekwa Sacco kwa nidhamu, inakuwa kitu. Ikiliwa kwa starehe, basi afadhali aliyenunua. Kwa hiyo tusimcheke anayepanga, wala tusimsifu anayenunua, kabla ya kujua tabia yake na pesa.

Msione haya kwamba familia yenu haina mkopo wa nyumba. Mwisho wa mwaka 2023, nchi nzima ya Kenya ilikuwa na mikopo ya nyumba ya benki takriban 30,000 tu, na sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Wakenya wengi wamejenga polepole, kwa Sacco, kwa chama, tofali kwa tofali.

NYUMBA AMBAYO BADO NI RAMANI

Kuna bei ya pili ambayo huwavutia vijana. Wanaambiwa: "Lipa sasa kabla hatujajenga, utapata kwa milioni 9 badala ya 12." Wanaonyeshwa picha nzuri zenye bwawa la kuogelea na watoto wanaocheza. Ardhi yenyewe bado ina nyasi.

Kuna walionunua hivyo wakapata nyumba zao. Lakini Nairobi na viungani mwake kuna miradi iliyokwama katikati, na wanunuzi wakabaki na risiti. Pesa ya mnunuzi ndiyo inayojenga, na ikiisha kabla ya jengo, hakuna ghorofa wala pesa ya kurudisha. Mara nyingine ardhi ile ile imewekwa rehani benki na mjenzi. Akishindwa kulipa, benki inakuja mbele ya mnunuzi.

Anayetaka kununua hivyo aulize: Ardhi ni ya nani, na kuna benki iliyoandikwa juu ya hati? Kaunti ya Nairobi imepitisha ramani hii yenye idadi hii ya ghorofa? Leseni ya NEMA ya mazingira iko? Mradi umesajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi? Pesa zangu zinashikwa na nani, mjenzi mwenyewe ama wakili katika akaunti maalum mpaka hatua fulani ya ujenzi ifike? Nyumba ikichelewa, nitalipwa nini? Muuzaji akikasirika kwa maswali haya, huyo amekwisha jibu.

MAJI, JAMANI

Watu wa Murang'a wanajua bwawa la Ndakaini, lililomalizwa mwaka 1994. Maji mengi ya Nairobi yanatoka huko. Lakini mji umekua kuliko maji yake, na tangu 2017 maji ya mfereji yamekuwa yakigawiwa kwa zamu. Majengo mengi ya Kilimani yanategemea visima virefu vya mashine ama malori ya maji. Visima vingi vya Nairobi vina madini ya floraidi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto na kuyafanya ya kahawia. Kwa hiyo kabla ya kununua, mtu aende kwenye jengo siku ya kazi na siku ya Jumapili, aongee na askari wa lango na wapangaji. Waulizwe: maji huja siku ngapi? Ya kunywa mnatoa wapi? Lifti ilikwama mara ya mwisho lini? Askari wa lango anajua mengi kuliko karatasi yenye picha.

SASA TURUDI KWENYE SHAMBA

Hapa ndipo jambo linawagusa nyinyi. Tufikirie mazungumzo ya simu kama haya, ambayo wengi mtayatambua:

"Mama, nimepata nyumba Kilimani. Inabaki milioni mbili tu. Lile shamba la mtoni si limelala tu?"

"Halijalala, mwanangu. Linatulisha. Na ukifutwa kazi, hiyo benki itakutafuta wewe ama itatafuta shamba?"

"Mama, siwezi kufutwa."

"Hata baba yako alisema hivyo, kiwanda kikafungwa."

Huyu mama hana diploma ya sheria, lakini ameuliza swali lenyewe. Mkiweka taitodidi ya shamba kama dhamana, nyinyi si mashahidi wa mkopo. Shamba lenu ndilo linalosimama nyuma ya deni lake. Akishindwa, shamba linaweza kupigwa mnada, hata kama hamkutumia shilingi moja.

Sheria imeweka milango kadhaa ya kuwakinga. Muijue.

Mume ama mke. Boma la ndoa haliwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzake. Mama akiletewa karatasi ya kutia sahihi jioni jioni, ana haki ya kusema, "Kwanza nisomewe na mtu wangu." Sahihi ya mama si mapambo.

Halmashauri ya kusimamia ardhi. Shamba la kilimo likiuzwa, likigawanywa ama likiwekwa rehani, lazima ruhusa ya ile bodi ya ardhi inayokaa kwa naibu kamishna wa kaunti. Ombi liwasilishwe katika muda wa miezi sita tangu kukubaliana, la sivyo mapatano hayana nguvu. Bodi ni mahali pa kusema. Kama kuna watoto wengine wanaolima hapo, waende wasikike.

Jina la marehemu. Katika vijiji vyetu hati nyingi bado zina jina la babu aliyefariki zamani. Shamba kama hilo halina wa kuliuza. Lazima kwanza familia ifanye kesi ya urithi kortini na warithi wote waandikwe, hata mabinti walioolewa. Anayeuza ama kuchukua pesa ya shamba la marehemu bila hiyo kesi anavunja sheria. Msikubali broka awaambie "tutarekebisha baadaye".

Na pesa ya kikundi? Tunasema wazi: pesa ya kikundi iende kwa mujibu wa katiba ya kikundi. Kama kiwango cha juu cha mkopo ni elfu hamsini, kiwe elfu hamsini hata kwa mtoto wa mwenyekiti. Kikundi cha watu thelathini kikimkopesha mmoja kila kitu, siku yule mmoja akikwama, watoto ishirini na tisa hawaendi shule.

HATUA KWA HATUA

Kama baada ya hayo yote familia imekubaliana kusaidia, basi isaidie kwa utaratibu huu:

1. Kaeni kikao cha familia, watoto wote wakiwepo ama wakipigiwa simu. Andikeni: hii ni zawadi, ni mkopo, ama ni fungu lake la urithi? Maneno matupu huzaa kesi baada ya mazishi.

2. Kijana awe na wakili wake mwenyewe, asitumie wakili wa muuzaji. Wakili mmoja hawezi kuvuta kamba pande mbili.

3. Wakili afanye upekuzi wa hati. Kwa Nairobi kuna mtandao wa Serikali uitwao Ardhisasa, ulioanzishwa Aprili 2021. Upekuzi huonyesha mwenye ardhi, aina ya hati, na kama kuna benki ama kesi juu yake.

4. Aombe risiti za kodi ya ardhi na ada ya jengo. Deni la mwenye nyumba wa zamani lisije likawa lake.

5. Asilipe kitu kabla ya mkataba wa maandishi. Kawaida ni asilimia 10 wakati wa kutia sahihi, na siku 90 za kumaliza. Pesa zipite kwa mawakili, si kwa simu ya broka. Yule broka anayesema "kuna mtu mwingine anakuja na pesa saa nane" mwacheni auze kwa huyo mtu wa saa nane.

6. Baada ya kulipa ushuru wa stempu na kusajiliwa, afanye upekuzi tena aone jina lake. Hapo tu ndipo mnaweza kuchinja mbuzi.

KUNA NJIA NYINGINE?

Ziko. Kijana anaweza kununua mtaa wa mbali kidogo ambao pesa haijafika. Huko bei ni ndogo, na fungu lake la ardhi ni kubwa. Anaweza kupanga Kilimani kwa sababu ya kazi, na kujenga mahali pengine polepole. Aulize pia katika Sacco yake kuhusu mikopo ya nyumba inayopitia KMRC, ile kampuni iliyoundwa mwaka 2018 kuzipa benki na Sacco pesa za muda mrefu ili riba iwe ya chini. Ina kiwango cha juu, kwa hiyo huenda isitoshe fleti ya Kilimani, lakini ikatosha nyumba ya mahali pengine. Tena wote wanaolipwa mshahara wanakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za Serikali chini ya sheria ya mwaka 2024, na mtu anaweza kujiandikisha kuomba nyumba hizo. Wengi wanakatwa na hawajawahi kuuliza.

Jambo la mwisho. Watoto wetu wengi hawanunui Kilimani. Wanafanya kazi huko: wanapika, wanalinda malango, wanabeba mawe ya hayo maghorofa, na jioni wanatembea kurudi Kawangware na Kibera. Kila kiosk kinapoondolewa kupisha jengo, chakula chao cha mchana kinapanda bei. Na mambo yaliyofika Kilimani yamekwisha kufika Ruaka na Kitengela, na yatafika kwenye senta yenu lami ikifika. Siku hiyo mabroka watakuja wakisema shamba lenu limelala. Mkumbuke ile hesabu ya ekari moja na fleti mia. Mtu anayetaka kununua haraka amekwisha hesabu kile ardhi yenu inaweza kubeba. Nanyi hesabuni kabla ya kumjibu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni mashamba mangapi bado yana jina la marehemu? Tufanye nini mwaka huu?

2. Kati ya kumsaidia kijana anunue mjini na kumsomesha mdogo wake, familia iamueje? Nani ana sauti katika uamuzi huo?

3. Katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya mkopo mkubwa? Isomwe kwa sauti mkutano ujao.

4. Ni nani amewahi kutembelewa na broka wa ardhi? Alisema nini, na alitaka jibu kwa siku ngapi?